Kiashiria cha Kijeni na Hatima ya Mgonjwa: Historia ya Utabiri katika Melanoma Iliyosambaa

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya jitihada za kutabiri mwenendo wa melanoma, saratani inayoanzia katika seli zitengenezazo rangi ya ngozi, hasa inapokuwa imekwisha kusambaa mwilini. Yanaanza na madaktari wa Ulaya wa karne ya 19, yanapitia utafiti uliofanyika Kampala katika miaka ya 1960, kisha yanachunguza kipindi cha viashiria vya kijeni kilichofunguliwa na ugunduzi wa mabadiliko ya jeni ya BRAF mwaka 2002. Hoja kuu ni kwamba kiashiria cha kijeni hakina maana ya kudumu: maana yake ya kiutabiri hutegemea tiba inayopatikana mahali na wakati husika. Kutokana na hoja hiyo, makala yanadai kwamba nchi za Afrika Mashariki hazina budi kupanga vipimo vya jeni pamoja na ununuzi wa dawa, uimarishaji wa patholojia na uchunguzi wa nyayo, badala ya kuvitazama vipimo hivyo kama hatua ya kisasa inayojitegemea.

1.0 Utangulizi

Mgonjwa anapoambiwa kwamba saratani yake imesambaa, swali lake la kwanza huwa ni muda. Swali hilo lina sura mbili ambazo historia ya tiba imechelewa sana kuzitenganisha. Sura ya kwanza huuliza: ugonjwa huu utakwendaje? Sura ya pili huuliza: je, kuna dawa itakayobadili mwendo huo kwangu mimi? Kiashiria kinachojibu swali la kwanza makala haya yatakiita kiashiria tabiri. Kinachojibu swali la pili yatakiita kiashiria elekezi, kwa kuwa humwelekeza tabibu kwenye tiba. Alama moja katika mwili inaweza kuwa ya aina ya kwanza, ya aina ya pili, ya aina zote mbili, au isiwe yoyote kati ya hizo.

Kuchanganya aina hizi mbili si kosa la wanafunzi tu. Huingia katika mipango ya afya, katika maombi ya fedha na katika hotuba za uzinduzi wa maabara, ambamo kipimo cha jeni husemwa kwamba "kitawasaidia wagonjwa" bila kuelezwa kitawasaidia kwa njia gani. Melanoma ni mfano mzuri wa kuchunguza suala hili. Ni miongoni mwa saratani ambazo jeni zake zimechunguzwa kwa kina mno, na katika muda usiozidi miaka 15 matumaini ya mgonjwa mwenye melanoma iliyosambaa yamegeuka kabisa katika nchi zenye dawa. Aidha, ni saratani ambayo historia yake inapitia katika eneo letu, ingawa sehemu hiyo ya historia haitajwi mara nyingi.

2.0 Kutoka Jicho hadi Rula: 1787–1970

Mwaka 1787 daktari mpasuaji John Hunter wa London alimwondolea mgonjwa uvimbe mweusi karibu na taya, akauhifadhi bila kujua ni nini. Uvimbe huo ulichunguzwa kwa hadubini mwaka 1968 na kuthibitishwa kuwa melanoma. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mfaransa René Laennec, ambaye baadaye alivumbua stetoskopu, aliutambua ugonjwa wa uvimbe mweusi kuwa ugonjwa wa pekee, akaupa jina la melanosisi. Alionyesha kwamba weusi uliokutwa mapafuni mwa baadhi ya maiti haukutokana na masizi, bali na ugonjwa uliosambaa.

Kwa mada yetu, mtu muhimu zaidi katika kipindi hiki ni William Norris, tabibu wa mji wa Stourbridge nchini Uingereza. Mwaka 1820 alichapisha taarifa ya mgonjwa mmoja ambaye uvimbe wake ulianzia katika baka la ngozi, ukarudi baada ya kukatwa, kisha ukaenea mwilini. Norris aliongeza jambo ambalo wengine hawakulizingatia: baba wa mgonjwa alikuwa amefariki kwa ugonjwa unaofanana na huo, na katika ukoo ule mabaka ya ngozi yalikuwa mengi. Alidokeza kwamba ugonjwa ulikuwa na asili ya kurithi. Hapakuwa na neno "jeni" wakati huo, na Gregor Mendel alikuwa bado hajazaliwa. Lakini wazo kwamba hatima ya mgonjwa huenda imeandikwa katika nasaba yake lilikwisha kutamkwa.

Hata hivyo, utabiri wa karne ile ulikuwa na neno moja tu. Mwaka 1840 Samuel Cooper aliandika kwamba nafasi pekee ya mgonjwa ni kukatwa uvimbe mapema. Tamko hilo lilibaki kuwa kweli kwa zaidi ya miaka 130. Kilichobadilika ni namna ya kupima neno "mapema". Mwaka 1969 Wallace Clark alipendekeza ngazi tano za kina, kwa kuangalia ni tabaka gani la ngozi ambalo saratani imelifikia. Mwaka uliofuata Alexander Breslow wa Washington alifanya jambo lililoonekana la kawaida mno: aliweka kipimo ndani ya hadubini, akapima unene wa uvimbe kwa milimita. Katika wagonjwa wake 98, wale ambao uvimbe wao ulikuwa chini ya milimita 0.76 hawakurudiwa na ugonjwa wala haukusambaa katika miaka mitano ya kufuatiliwa.

Ugunduzi wa Breslow unastahili kutiliwa mkazo na wasomaji wanaoshauri serikali. Haukuhitaji kemikali mpya wala mashine mpya. Ulihitaji kipande cha ngozi kilichokatwa vizuri, mtaalamu wa patholojia, hadubini na rula. Zaidi ya nusu karne baadaye, unene wa Breslow ungali ndio nguzo ya utabiri wa melanoma ambayo haijasambaa.

3.0 Nyayo za Kampala: 1954–1969

Wakati Clark na Breslow wakipima ngozi za wagonjwa weupe wa Marekani, uchunguzi mwingine ulikuwa ukiendelea Makerere. Idara ya patholojia, chini ya J. N. P. Davies, ilikuwa imeanzisha Sajili ya Saratani ya Kampala mwaka 1954, mojawapo ya sajili za kwanza barani Afrika. Mwaka 1967 kilianzishwa kituo ambacho baadaye kilikua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mazingira haya yaliwawezesha watafiti kuhesabu kwa uangalifu kile ambacho matabibu wa kawaida walikwisha kukiona: kwamba melanoma kwa Mwafrika mweusi haiko mgongoni wala kwenye muundi kama ilivyo kwa Mzungu, bali iko hasa unyayoni.

M. G. Lewis, aliyefanya kazi Makerere, alichapisha mwaka 1967 uchunguzi juu ya uhusiano kati ya madoa ya rangi katika nyayo za Waganda na melanoma ya mahali hapo. Swali lake lilikuwa la msingi. Ikiwa jua ndilo chanzo kikuu cha melanoma, kama ilivyoaminiwa kutokana na hali ya Australia, kwa nini ugonjwa huu uchague sehemu ya mwili isiyopigwa na jua? Swali hilo lilihitaji miaka karibu 40 ili lipate jibu la kijeni, kama tutakavyoona.

Lewis hakuishia hapo. Mwaka huohuo alichapisha katika jarida la Lancet makala juu ya kinga ya mwili kwa wagonjwa wa melanoma nchini Uganda, na mwaka 1969, akiwa na wenzake wa Uingereza na kwingineko, alieleza kwamba katika damu ya baadhi ya wagonjwa kuna kingamwili zinazopambana na seli za uvimbe wao wenyewe. Kingamwili hizo zilionekana kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mahali pamoja, na zilikosekana ugonjwa ulipokuwa umesambaa. Kwa lugha ya leo, Lewis alikuwa akitafuta kiashiria tabiri katika damu, na alikuwa akikitafuta kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki.

Isidaiwe kwamba Kampala iligundua tiba ya kinga. Kingamwili za Lewis si sawa na seli za kinga ambazo dawa za leo huziamsha, na mbinu za maabara za wakati ule zilikuwa na mipaka yake. Linaloweza kudaiwa kwa haki ni dogo zaidi, nalo ni zito: maswali mawili yaliyokuja kutawala utafiti wa melanoma, yaani tofauti ya aina za ugonjwa kwa mahali ulipoanzia mwilini na nafasi ya kinga katika kuamua hatima ya mgonjwa, yaliulizwa mapema hapa kwetu. Machafuko ya kisiasa ya Uganda katika miaka ya 1970 yaliwatawanya watafiti na kukatiza kazi ya sajili. Maswali yakahama pamoja nao, na majibu yake yalipokuja kupatikana yalitokana zaidi na ngozi za watu wengine.

4.0 Kuingia kwa Jeni: 1984–2006

Mwaka 1984 watafiti waliripoti mabadiliko ya jeni za familia ya RAS katika seli za melanoma. Mwaka 1994 jeni ya CDKN2A ilitambuliwa kuwa chanzo cha melanoma katika baadhi ya koo ambamo ugonjwa hurithiwa. Kwa hivyo dokezo la Norris la mwaka 1820 lilipata uthibitisho baada ya miaka 174. Lakini koo hizo ni chache. Wagonjwa walio wengi hawakurithi badiliko lolote la namna hiyo. Mabadiliko ya jeni zao yalitokea maishani, ndani ya seli za ngozi.

Mlango mkubwa ulifunguliwa Juni 2002. Timu ya Taasisi ya Sanger karibu na Cambridge, katika makala ambayo Helen Davies alikuwa mwandishi wa kwanza, iliripoti kwamba asilimia 66 ya melanoma zilizochunguzwa zilikuwa na badiliko katika jeni ya BRAF. Tafiti za baadaye zilishusha kiwango hicho hadi karibu nusu ya melanoma za ngozi. Jeni ya BRAF hutoa maelekezo ya kutengeneza protini inayopokea na kupitisha amri ya seli kugawanyika. Badiliko linalojulikana kama V600E hubadili asidi amino moja tu: valini katika nafasi ya 600 huondoka na nafasi yake huchukuliwa na asidi ya glutamiki. Matokeo yake protini hubaki imewashwa, kama swichi iliyokwama, na seli huendelea kugawanyika bila kuamriwa.

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba badiliko hilo ni hukumu ya kifo. Mwaka 2003 dhana hiyo ilipingwa kwa ushahidi usiotarajiwa: badiliko lilelile la BRAF lilikutwa katika asilimia 82 ya mabaka ya kawaida ya ngozi yaliyopimwa, mabaka ambayo watu huishi nayo hadi uzeeni bila madhara. Badiliko moja halitoshi kuzaa saratani, sembuse kutabiri mwisho wake. Seli zenye badiliko hilo huanza kugawanyika, kisha vizuizi vingine vya mwili huzisimamisha. Saratani huja pale vizuizi hivyo navyo vinapovunjika.

Swali la nyayo lilipata jibu kati ya mwaka 2005 na 2006. Boris Bastian na wenzake wa San Francisco, John Curtin akiwa mwandishi wa kwanza, walichunguza melanoma 126 wakizigawa kwa mahali zilipoanzia na kwa kiasi cha jua kilichopiga ngozi. Waligundua kwamba melanoma si ugonjwa mmoja. Zile za ngozi isiyoathirika sana na jua zilikuwa na mabadiliko ya BRAF au NRAS katika asilimia 81. Zile za viganja, nyayo na chini ya kucha, pamoja na zile za utando laini wa kinywa, pua na sehemu za siri, zilifuata njia nyingine: vipande vikubwa vya kromosomu vilizidishwa au kupotea. Mwaka uliofuata timu hiyo ilionyesha kwamba jeni ya KIT ilikuwa imebadilika au kuzidishwa katika asilimia 36 ya melanoma za viganja na nyayo, na katika asilimia 39 za utando laini, lakini haikubadilika katika hata moja ya zile za ngozi isiyoathirika na jua. Mwaka 2017 watafiti wa Australia waliosoma jenomu nzima za melanoma 183 walithibitisha picha hiyo: alama za miale ya jua zilizotapakaa katika melanoma za ngozi ya kawaida hazikutawala katika zile za nyayo.

Kwa hivyo alichokiona Lewis hakikuwa kioja cha Kiafrika, bali aina nyingine ya ugonjwa, inayowapata watu wa rangi zote, lakini ambayo kwa watu weusi huonekana kuwa ndiyo kuu kwa sababu rangi ya ngozi huwakinga na ile ya kwanza. Mwanamuziki Bob Marley, ambaye melanoma yake iligunduliwa katika kidole cha mguu mwaka 1977 na kumuua tarehe 11 Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36, alikuwa na ugonjwa wa aina hii.

5.0 Badiliko Moja, Maana Tatu: 2002–2024

Sehemu hii ndiyo kiini cha hoja yetu. Tufuatilie badiliko la BRAF kwa mgonjwa ambaye melanoma yake imesambaa, tuone jinsi maana yake ilivyogeuka.

Maana ya kwanza ni ya kabla ya dawa. Tangu mwaka 1975 tiba ya kawaida ilikuwa dakabazini, tibakemia ambayo haikuwahi kuthibitishwa kwamba hurefusha maisha ya wagonjwa hawa. Wengi wao walifariki ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2011 Georgina Long na wenzake wa Australia walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 197. Miongoni mwa wenye badiliko la BRAF ambao hawakupata dawa ya kulizuia, asilimia 29 tu walikuwa hai mwaka mmoja baada ya ugonjwa kusambaa. Miongoni mwa wasio na badiliko hilo, asilimia 37. Hapa BRAF ilionekana, kwa kadiri ndogo, kuwa ishara mbaya.

Maana ya pili ilijitokeza katika uchunguzi uleule. Wenye badiliko la BRAF waliopata dawa ya kulizuia walikuwa hai kwa asilimia 83 baada ya mwaka mmoja. Ni kweli kwamba makundi hayo hayakugawanywa kwa kura, hivyo tofauti yote haiwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya dawa. Lakini jaribio lililogawanywa kwa kura lilitoa ushahidi wa upande huohuo: kati ya wagonjwa 675 wenye badiliko hilo, waliopewa vemurafenibu walikuwa hai kwa asilimia 84 baada ya miezi sita, na waliopewa dakabazini kwa asilimia 64. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Agosti 2011 pamoja na kipimo cha jeni kinachoambatana nayo. Ghafla, kuwa na badiliko la BRAF kukawa bahati: mgonjwa aliyekuwa nalo alikuwa na dawa, na asiyekuwa nalo hakuwa nayo. Seli zilikuwa zilezile na badiliko lilikuwa lilelile. Kilichobadilika kilikuwa kabati la dawa.

Maana ya tatu ililetwa na tiba ya kinga. Machi 2011 Marekani ilikuwa imeidhinisha ipilimumabu, dawa ya kwanza kuthibitishwa kurefusha maisha katika melanoma iliyosambaa kwa kuondoa breki ya seli za kinga. Ilifuatwa na nivolumabu na dawa nyingine zinazoondoa breki ya pili. Dawa hizi hazilengi BRAF. Hufanya kazi kwa mwenye badiliko na kwa asiye nalo. Katika jaribio la wagonjwa 945 ambalo matokeo yake ya miaka 10 yalichapishwa mwaka 2024, asilimia 43 ya waliopewa dawa mbili za kinga kwa pamoja walikuwa bado hai. Kwa ugonjwa ambao zamani uliua ndani ya miezi, takwimu hiyo haina mfano wake katika historia yake yote.

Je, mwenye badiliko la BRAF aanze na dawa ipi? Mwaka 2022 jaribio lingine, lililowahusisha wagonjwa 265 wenye badiliko hilo, lilijibu. Walioanza na tiba ya kinga, kisha wakahamia dawa za BRAF ugonjwa uliporudi, walikuwa hai kwa asilimia 71.8 baada ya miaka miwili. Walioanza kinyume chake, kwa asilimia 51.5. Kipimo kilichokuwa mlango wa tiba kwa muongo mmoja kikawa, kwa wagonjwa wengi, mlango wa akiba.

Katika miaka 20, basi, badiliko moja la jeni limekuwa ishara mbaya, kisha ishara njema, kisha ishara ya tiba ya pili. Mtu akiuliza "BRAF inatabiri nini?" jibu sahihi ni swali: wapi, lini, na kuna dawa gani?

6.0 Kilichobaki Katika Kanuni

Msomaji angetarajia kwamba, baada ya ugunduzi wote huu, kanuni rasmi za kupanga hatua za ugonjwa zingejaa majina ya jeni. Sivyo ilivyo. Toleo la nane la kanuni za Kamati ya Pamoja ya Saratani ya Marekani, lililoanza kutumika mwaka 2018, hupanga hatua za melanoma kwa unene wa uvimbe, kuchubuka kwake, hali ya tezi za limfu, viungo ambavyo ugonjwa umefikia, na kiwango cha kimeng'enya cha LDH katika damu. Hakuna jeni hata moja.

Kimeng'enya hicho kinastahili kuangaliwa. LDH hupimwa katika maabara nyingi za hospitali za kawaida. Hupanda kwa sababu nyingi, na si maalumu kwa melanoma. Hata hivyo, katika uchambuzi wa mwaka 2019 wa wagonjwa 563 waliotibiwa kwa dawa mbili za njia ya BRAF, wale walioanza tiba wakiwa na LDH ya kawaida walikuwa hai kwa asilimia 43 baada ya miaka mitano, na wale ambao LDH yao ilikuwa juu kwa asilimia 16. Wote walikuwa na badiliko lilelile la jeni na walipata dawa zilezile. Kipimo cha bei nafuu ndicho kilichowatenganisha.

Uchunguzi mkubwa wa jenomu uliochapishwa mwaka 2015 nchini Marekani, uliozigawa melanoma 333 katika makundi manne ya kijeni, yaani BRAF, RAS, NF1 na lisilo na lolote kati ya hayo, ulifikia hitimisho linaloafikiana na hilo. Makundi hayo hayakutofautiana kwa hatima ya wagonjwa. Kilichoambatana na maisha marefu zaidi kilikuwa dalili za seli za kinga kuingia ndani ya uvimbe. Swali la Lewis kuhusu kinga na hatima lilikuwa limerudi, safari hii kupitia mashine za kusoma jenomu.

Haisemwi hapa kwamba jeni hazitabiri kamwe. Katika melanoma ya jicho, kupotea kwa nakala moja ya kromosomu ya 3 kumejulikana tangu miaka ya 1990 kuwa ishara ya hatari ya kusambaa. Lakini katika melanoma ya ngozi iliyosambaa, jeni zimekuwa zaidi viashiria elekezi kuliko viashiria tabiri, na kiashiria elekezi huelekeza pale tu penye njia.

7.0 Mafunzo kwa Sera za Afrika Mashariki

Historia hii ina mafunzo manne.

La kwanza ni kwamba kipimo na dawa vinunuliwe kwa mpango mmoja. Mgonjwa wa Kampala, Bujumbura au Bukavu anayepimwa BRAF bila kuwapo dawa hurudishwa katika maana ya kwanza, ile ya kabla ya mwaka 2011, huku amelipa gharama ya kipimo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza nivolumabu katika Orodha ya Dawa Muhimu kwa ajili ya melanoma iliyosambaa. Dawa hiyo haihitaji kipimo cha BRAF. Kwa nchi inayoanza na fedha kidogo, mjadala wa bei ya dawa za kinga una uzito kuliko mjadala wa mashine za jeni.

La pili linahusu aina ya ugonjwa. Takwimu karibu zote zilizonukuliwa hapo juu zinatokana na wagonjwa weupe wenye melanoma ya ngozi ya kawaida. Melanoma ya nyayo ina mabadiliko machache ya BRAF, na kwa ujumla huitikia tiba ya kinga kwa kiwango cha chini. Mshauri atakayechukua asilimia 43 ya miaka 10 na kuiweka katika mpango wa nchi yake atakuwa ameahidi jambo ambalo halijathibitishwa kwa wagonjwa wake. Kuna hoja ya kinyume, nayo ni ya haki: bila kupima jeni za wagonjwa wetu, hatutajua kamwe dawa gani inawafaa, na dunia itaendelea kutengeneza dawa kwa ajili ya ngozi nyingine. Hoja hiyo ni ya utafiti, na igharimiwe kama utafiti, kwa kuhifadhi vipande vya tishu, kuimarisha sajili na kuunganisha vituo vya kanda, wala isipitishwe kama huduma ambayo mgonjwa mmojammoja ataombwa kuilipia.

La tatu ni patholojia. Rula ya Breslow haijastaafu. Ripoti ya patholojia isiyotaja unene na kuchubuka kwa uvimbe inamnyima mgonjwa utabiri ulio bora kuliko ule wa jeni yoyote iliyopo katika ugonjwa ambao haujasambaa. Kufundisha wataalamu wa patholojia na kuhakikisha kwamba ripoti zao zina vipengele hivyo ni uwekezaji usio na fahari, lakini matunda yake ni ya hakika.

La nne ni kuwahi. Melanoma ya unyayo huchelewa kugunduliwa kwa sababu haionekani, na kwa sababu hudhaniwa kuwa jeraha la mwiba, fangasi au sugu. Kuchunguza nyayo, viganja na kucha hakuhitaji kifaa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wauguzi wa kliniki za kisukari, ambao tayari hukagua miguu, wanaweza kufundishwa kulitambua doa jeusi linalokua.

Kuhusu kuwahi, eneo letu lina mfano wake lenyewe, ingawa ni wa saratani nyingine ya ngozi. Mwaka 1985 Jeff Luande na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya ngozi za watu wenye ualbino nchini Tanzania na saratani zinazowapata, ambazo kwa kawaida si melanoma. Miaka 10 baadaye, Luande akiwa miongoni mwa waandishi, ilionyeshwa kwamba wagonjwa wengi wa Tanzania walikuwa na upungufu wa kipande kilekile cha jeni inayoitwa leo OCA2. Ulikuwa ugunduzi muhimu wa kisayansi. Lakini kilichookoa ngozi hakikuwa kujua upungufu huo. Kilikuwa kofia, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na kliniki za kuondoa vidonda vidogo kabla havijawa saratani kubwa, kazi ambayo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa Moshi mwaka 1992 kimeifanya kwa miaka mingi. Jeni ilieleza sababu. Kofia ilibadili hatima.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utabiri wa melanoma umepita katika hatua tatu: jicho na kisu, kisha rula, kisha jeni. Hakuna hatua iliyoifuta iliyotangulia. Jeni zimefungua njia za tiba ambazo vizazi vilivyopita havikuweza kuziota, lakini zimefanya hivyo pale tu zilipoambatana na dawa. Kiashiria cha kijeni hakisomi hatima iliyokwisha kuandikwa mwilini. Kinasoma nafasi ya mgonjwa mbele ya tiba iliyopo. Kwa sababu hiyo utabiri wa mgonjwa wa Afrika Mashariki unaamuliwa, kwa sehemu kubwa, nje ya seli zake: katika bajeti ya dawa, katika meza ya patholojia, katika sajili inayotunzwa au kutelekezwa, na katika siku ambayo mtu wa kwanza alitazama unyayo wake. Hayo yote yamo katika uwezo wa sera kuyabadili.